Taka za saiti zinaanzia mezani kwenu

Barua ya wazi kwa mawaziri wa nyumba na ujenzi, bodi za zabuni, wasanifu na wahandisi wa serikali, na wote wanaoidhinisha fedha za majengo ya umma

YAH: KUPUNGUZA TAKA ZA UJENZI KWA KUJENGEA KIWANDANI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kama msimamizi wa saiti. Vifaa vinapoingia getini ninavipokea mimi, na lori la kifusi linapotoka, karatasi yake naisaini mimi. Naomba mjue kilichomo ndani ya lori lile. Sehemu kubwa ya mzigo wake haikuwahi kuwa jengo hata siku moja. Ni mali mpya iliyonunuliwa kwa fedha za umma, ikaletwa, ikakatwa, ikavunjika au ikalowa, kisha ikalipiwa nauli na ada ya dampo ili iondoke. Nikifuatilia chanzo chake, ni mara chache naishia kwa fundi. Mara nyingi naishia kwenye uamuzi uliopitishwa ofisini miezi mingi kabla ya msingi kuchimbwa. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia ninyi na si wakandarasi.

Chukueni bodi ya jipsamu, yaani jasi iliyobanwa katikati ya karatasi. Ukuta wa kimo cha mita 2.55 umechorwa na kuidhinishwa. Bodi zilizopo sokoni ni za mita 2.4 na za mita 3. Ya kwanza haifiki, kwa hiyo inaagizwa ya pili, na kila bodi inakatwa sentimita 45. Asilimia 15 ya bodi imekuwa taka kabla haijaguswa na skrubu, na fundi hata awe hodari namna gani hawezi kuiokoa. Vipande vinarundikwa kwenye kontena pamoja na mbao zenye misumari, maboksi na mabaki ya chakula. Mvua ikinyesha, karatasi inabanduka na jasi inageuka tope. Hakuna kiwanda kitakachoipokea tena ikiwa katika hali hiyo. Inakwenda kufukiwa, na jasi ikifukiwa pamoja na taka zinazooza mahali pasipo hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ni sumu kwa wanaofanya kazi dampo na wanaoishi jirani.

Au chukueni ukuta wa matofali. Umejengwa, umepigwa plasta, umekauka. Ndipo mchoro wa umeme unapotoka kwenye idhini, na fundi umeme anafika na tindo na nyundo. Anachimba mfereji kutoka kwenye swichi hadi darini, analaza mabomba ya nyaya, kisha mpiga plasta anarudi kuziba. Ukuta ule umelipiwa mara mbili, na kifusi chake kikalipiwa pia. Nimewahi kuona ukuta uleule ukichimbwa tena baada ya hapo, kwa sababu mwenye mradi alibadilisha matumizi ya chumba wakati rangi imeshapakwa. Mafundi walinyamaza wakafanya kazi, maana wao hulipwa kwa siku. Lakini inaumiza kumwona mtu akivunja kazi safi ya mikono yake mwenyewe.

Hapo sijataja saruji inayoganda mifukoni kwa unyevu, mbao za kumwagia zege zinazotupwa baada ya kutumika mara chache, wala vigae vinavyoagizwa kwa ziada kubwa kwa kuwa hakuna anayeamini vipimo vya mchoro.

Mkijumlisha saiti zote, hesabu inatisha. Nchini Marekani, wakala wa serikali wa mazingira, EPA, ulikadiria taka za ujenzi na ubomoaji za mwaka 2018 kuwa tani milioni 600, zaidi ya mara mbili ya taka zote za kawaida za miji. Katika Umoja wa Ulaya kundi hilo peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya taka zote zinazozalishwa. Na huku tukifukia, tunachimba: Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, linakadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka.

Ninachowaomba mkitazame kwa uzito ni ujenzi wa moduli. Chumba kizima, yaani sakafu, kuta, dari, mabomba, nyaya, madirisha, hata vigae vya bafuni, kinatengenezwa kiwandani. Kinapakiwa kwenye trela, kinafikishwa kwenye kiwanja, na kreni inakipanga mahali pake juu ya msingi ambao uliandaliwa wakati huohuo chumba kilipokuwa kinatengenezwa.

Tafadhali lielewe vizuri jambo linalopunguza taka hapa, kwa sababu wauzaji wengi hulieleza vibaya. Paa la kiwanda linasaidia, kweli, maana jipsamu na saruji hazilowi. Lakini nguvu kubwa iko kwenye nidhamu ambayo kiwanda kinamlazimisha kila mtu kuwa nayo. Mchoro wa umeme, wa maji na wa muundo lazima vikamilike na kukubaliana kabla ya kipande cha kwanza kukatwa, kwa kuwa huwezi kuhamisha mlango wa chumba ambacho kiko barabarani kinakuja. Nyaya zinalazwa kabla ukuta haujafungwa, kwa hiyo tindo haina kazi. Na kwa kuwa chumba kilekile kinarudiwa mara mia tatu, mtengenezaji wa bodi anakubali kuzileta zikiwa na mita 2.55 kamili. Chuma kinakatwa na mashine inayosoma vipimo kutoka kwenye mchoro na kupanga vipande ili masalio yawe madogo. Masalio yenyewe yanaangukia kwenye pipa lililo pembeni ya meza, chuma kwake, mbao kwake, jipsamu kwake, yakiwa makavu na safi, na yanaweza kurudi kwa aliyeyatengeneza.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1851 Joseph Paxton alisimamisha Crystal Palace, jumba la maonyesho mjini London, kwa vipande vya chuma na vioo vilivyotengenezwa kwingine. Alianzia kwenye kioo kikubwa ambacho kiwanda kiliweza kukitoa kwa wingi, chenye upana wa kama sentimita 25 na urefu wa karibu sentimita 125, na vipimo vya jengo zima vikafuata kioo hicho. Maonyesho yalipomalizika, jengo lilifunguliwa, likahamishwa hadi Sydenham na kufunguliwa tena kwa umma mwaka 1854. Zaidi ya miaka 170 imepita, na bado tunachora kwanza kisha tunatafuta bodi itakayokatwa ili ifae.

Sasa naomba niseme yale ambayo muuzaji wa moduli hatawaambia, kwa sababu sitaki mnunue ahadi.

Watakuja na asilimia 90. Watasema taka zitapungua kwa asilimia 90. Waulizeni zimepimwa wapi. Kama wamepima kwenye kiwanja peke yake, basi huenda taka zimehamia tu nyuma ya kiwanda, ambako ninyi hamfiki. Dai la namna hiyo lina maana pale tu kiwanda na kiwanja vimepimwa kwa mzani mmoja, kwa kilo kwa kila mita ya mraba ya jengo lililokamilika, na kulinganishwa na jengo la aina hiyohiyo lililojengwa kwa njia ya kawaida.

Tena, moduli hula vifaa kwa namna yake. Vyumba viwili vikipangwa sambamba, kila kimoja kinakuja na ukuta wake, na dari ya chumba cha chini inakutana na sakafu ya chumba cha juu. Fremu lazima iwe na nguvu ya kunyanyuliwa na kreni na kustahimili mitikisiko ya barabara, mizigo ambayo jengo likishatulia halitaibeba tena. Kwa hiyo jengo linaweza kutoa taka kidogo na bado likatumia chuma kingi zaidi. Upana wa barabara nao unabana: chumba kipana kinahitaji kibali maalumu na msafara, na kiwanda kikiwa mbali mno, mafuta ya malori yanakula faida. Kwa maoni yangu, njia hii inafaa pale penye marudio mengi: mabweni, wodi, madarasa, nyumba za watumishi, makazi ya gharama nafuu. Ukumbi wa aina yake, au jengo kwenye mteremko mkali lenye vyumba visivyofanana, liachieni mafundi wa kawaida na muwape michoro iliyokamilika. Na kuna njia ya katikati ambayo husahaulika: kutengeneza kiwandani bafu na jiko pekee, ambako mabomba, vigae na makosa ndiko vinakobanana, na kujenga kilichobaki palepale.

Nirudi kwenu sasa, kwa kuwa teknolojia ipo na kinachokwama ni taratibu zenu.

Kwanza ni malipo. Mikataba mingi ya umma hulipa kwa kazi iliyoonekana saiti. Mkadiriaji majenzi anafika, anapima ukuta uliosimama, anaandika hati. Lakini kwenye ujenzi wa moduli, mradi ukiwa katikati, kiwanjani kuna msingi tu, na vyumba sitini viko kiwandani vikisubiri. Kwa macho ya mkataba, kazi hiyo haipo. Mwenye kiwanda anabeba gharama zote kwa mkopo, na akibanwa anafanya moja kati ya mawili: anafunga, au anapandisha bei ya zabuni hadi ninyi mnaona moduli ni ghali na kurudi kwenye matofali. Tatizo hili halihitaji sheria mpya kubwa. Wekeni kwenye mkataba kwamba moduli iliyokamilika, ikapewa namba yake, ikakaguliwa, ikakatiwa bima na kuandikwa rasmi kuwa mali ya mwenye mradi, inalipwa ikiwa kiwandani. Bila hati ya umiliki msilipe, maana kiwanda kikifilisika vyumba vyenu vitahesabiwa kwenye mali ya wadai wake. Haya yote yanaandikika.

Pili ni ukaguzi. Mkaguzi wa kawaida hufika saiti akataka kuona nondo kabla ya zege na mabomba kabla ya plasta. Moduli inafika ukuta wake umeshafungwa. Nimeshuhudia vyumba vikiagizwa kufunguliwa kuta ili mkaguzi aone nyaya, kisha vikafungwa upya, na kontena la taka likajaa mabaki ya kazi ambayo haikuwa na kosa. Mkaguzi yule alifuata kanuni zake, na simlaumu. Kanuni ndiyo inayotakiwa kumpeleka kiwandani mapema, akae hapo, apige muhuri kwenye kila chumba, na muhuri huo uheshimiwe na halmashauri itakayokipokea. Jimbo la California lina sheria ya nyumba za kiwandani tangu mwaka 1969, ambayo chini yake ukaguzi wa kilichojengwa ndani unafanyika kulekule kiwandani, na mamlaka ya mahali inabaki na msingi, viunganisho na kiwanja.

Msidhani nauomba ukaguzi huu uwe mwepesi. Tarehe 16 Mei 1968 gesi ililipuka katika ghorofa ya 18 ya Ronan Point, jengo la makazi la paneli za zege zilizotoka kiwandani, mashariki mwa London. Kona nzima iliporomoka kuanzia juu hadi chini, na watu wanne walikufa. Jengo hilo lilikuwa na miezi michache tu tangu lipokee wakazi. Paneli ziliwekwa zikaegemeana bila kufungwa vya kutosha, na jengo lilipokuja kuondolewa mwaka 1986 ilionekana viungo vingi havikujazwa ipasavyo. Chumba kinaweza kutoka kiwandani kikiwa hakina doa, lakini uhai wa wakazi ukategemea bolti zinazofungwa kiwanjani siku ya upepo. Wapelekeni wakaguzi wenu wazuri zaidi kwenye viungo.

Tatu ni mwendelezo wa oda. Kiwanda kina kodi, mashine na watu wa kulipwa kila mwezi, kuna mradi au hakuna. Kampuni ya Katerra ilianzishwa Marekani mwaka 2015, ikakusanya mtaji mkubwa mno wa kujengea viwandani, na mwezi Juni 2021 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Uingereza nako, Ilke Homes iliyokuwa ikitengeneza nyumba za moduli ilianguka mwaka 2023. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini anayejenga kiwanda kwa kutegemea zabuni mojamoja, kila moja na vipimo vyake, anajenga juu ya mchanga. Ninyi ndio wateja wakubwa kuliko wote. Wizara ya afya, ya elimu na ya nyumba zinaweza kukaa pamoja na kukubaliana juu ya vimo vichache vya dari, upana wa chumba, aina za viungo, na kutangaza oda za miaka mitano badala ya mradi mmojammoja. Singapore ilifanya hivyo kwa ardhi: tangu mwaka 2014 viwanja maalumu vinavyouzwa na serikali vilikuja na sharti la kujenga kwa vyumba vya kiwandani. Mwenye kiwanda akajua kazi itakuja. Miaka mitano baadaye walikuwa wamekamilisha minara miwili ya Clement Canopy, ghorofa 40 kila mmoja, kwa vyumba 1,899 vya zege vilivyotoka kiwandani.

Oda hizo ziambatane na sharti juu yenu wenyewe: mchoro ukishasainiwa, umesainiwa. Najua hili ni gumu kisiasa. Kiongozi mpya anaingia, anataka ukumbi uongezwe, mlango uhamishwe upande wa barabara. Jengo la 461 Dean Street kule Brooklyn, la ghorofa 32 na moduli 930, lilianza mwaka 2012 na kufunguliwa mwaka 2016 baada ya migogoro ya viungo visivyokaa sawa, maji kupenya na kazi kusimama. Kwenye moduli, kosa dogo la vipimo linarudiwa kwenye kila chumba, na badiliko dogo la ofisini linakuwa rundo la vyumba visivyofaa. Anayetaka kubadilisha baada ya kusaini alazimike kuandika jina lake, sababu yake, na uzito wa taka utakaotokana na badiliko hilo.

Kuhusu kupima taka zenyewe, msirudie yaliyotokea Uingereza. Mwaka 2008 kanuni zilizowataka wajenzi wa England kuwa na mpango wa taka za saiti zilianza kufanya kazi, na mwaka 2013 zikafutwa. Mpango ambao haugusi malipo huwa karatasi ya kwenye faili. Hong Kong ilichukua njia nyingine: tangu mwaka 2006 inatoza ada kwa kila tani ya taka za ujenzi, ndogo kwa kifusi kisafi kinachoweza kutumika tena kujazia, kubwa zaidi kwa mzigo mchanganyiko unaokwenda kufukiwa. Hapo mkandarasi anapata sababu ya kutenganisha. Umoja wa Ulaya uliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2020 asilimia 70 ya taka hizi zisizo na sumu zitumike tena kwa namna fulani, lakini kujazia mashimo nako kulihesabiwa, kwa hiyo saruji na chokaa iliyounguzwa kwa moto mkali inaweza kuishia shimoni na bado ikasomeka kama mafanikio. Hesabuni kwa ukali kuliko hivyo.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya yote. Katika zile tani milioni 600 za Marekani, zaidi ya asilimia 90 zilitoka kwenye ubomoaji, na chini ya asilimia 10 kwenye ujenzi wenyewe. Maana yake, tukisafisha saiti zote leo, na majengo tunayoyapandisha yakaja kuvunjwa kwa nyundo baada ya miaka arobaini, tutakuwa tumegusa sehemu ndogo tu. Moduli inaweza kulitatua hili, kwa kuwa kilichowekwa na kreni kinaweza kuondolewa na kreni. Lakini inaweza tu ikiwa viungo ni vya bolti zinazofikika na si vya gundi na zege la kumwagia, na ikiwa michoro imetunzwa. Msanifu Kisho Kurokawa alijenga Nakagin Capsule Tower jijini Tokyo mwaka 1972 kwa vyumba 140 vilivyofungwa kwenye nguzo mbili, akikusudia kila chumba kibadilishwe baada ya miaka 25. Hakuna hata kimoja kilichowahi kubadilishwa. Vilichakaa pamoja, na mwaka 2022 jengo lote liliondolewa. Vyumba 23 viliokolewa. Hapakuwa na mtu mwenye wajibu wala fungu la kubadilisha vyumba hivyo. Kwenye majengo ya umma mtu huyo ni ninyi. Zabuni ieleze jinsi chumba kitakavyotoka, nani atatunza michoro, na kibao cha kila moduli kiseme ndani yake mna nini.

Kuna mafundi watakaosoma barua hii kwa hofu, na hofu yao ni ya haki. Mwashi wa miaka ishirini hawezi kuambiwa tu kwamba kazi yake imehamia kiwandani. Sehemu ya fedha inayookolewa kwenye nauli za kifusi iende kwenye mafunzo yao kabla kiwanda hakijafunguliwa, na nafasi za kwanza ziwe zao, kwa sababu jicho linalogundua ukuta uliopinda kwa milimita tatu halipatikani kwa semina ya wiki moja. Wengi watafurahia kufanya kazi kwenye kimo cha kiuno, chini ya paa, bila kubeba bodi hadi ghorofa ya tano.

Ninaloomba linaweza kuanza na mradi mmoja. Chagueni jengo lenye vyumba vinavyojirudia ambalo zabuni yake bado haijatangazwa. Liandikieni mkataba unaolipa kiwandani na ukaguzi unaoanzia kiwandani. Pimeni taka kwa kilo, kiwandani na kiwanjani, na mpime pia mradi wa aina hiyohiyo unaojengwa kwa njia ya kawaida mwaka huohuo. Kisha tangazeni uzito wa pande zote mbili hadharani, pamoja na gharama, hata kama matokeo hayatakipendelea kiwanda.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa saiti